Fundi Anajibu: koili isiyodumu, kipimo kinachodanganya na ethi iliyokatwa

Toleo hili tumelitenga kwa tanuri la umeme la maabara, lile sanduku la chuma lenye matofali mepesi meupe ndani na koili zilizolala kwenye mifereji ya kuta. Barua nyingi zinauliza koili inabadilishwaje. Chache sana zinauliza ilikatwa na nini, na hapo ndipo fedha za maabara zinapoteketea.

Jambo moja linatangulia majibu yote. Tanuri halifunguliwi kwa kuzima swichi yake ya mbele tu. Zima breka, chomoa plagi au fungua aisoleta (swichi ya kutenga umeme), tia kufuli au angalau kibao cha "usiwashe", kisha ngoja lipoe hadi chini ya nyuzi joto 40. Halafu chukua multimita, ijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, pima kwenye tamino (maungio ya waya) za tanuri, kisha irudishe kwenye soketi ileile uhakikishe haikufa katikati ya kazi. Bisibisi ya testa yenye taa ndogo haitoshi kwa kazi hii.

SWALI: Tuna tanuri la kilowati 3 la kupimia sampuli za dhahabu. Koili ilikatika, fundi akasuka nyingine kwa waya wa kupashia moto wa Kanthal A-1 wa milimita 1. Alipima omu (ukinzani wa waya) zikalingana na za zamani, lakini ilidumu siku 9. Ya pili nayo wiki mbili. Je, waya ni feki? (Msomaji, Chunya)

JIBU: Waya huenda ni halali kabisa. Fundi wenu alipima omu akasahau ngozi ya waya.

Tufanye hesabu. Tanuri la kilowati 3 kwenye volti 230 linahitaji omu 17.6 (230 mara 230, gawa kwa 3000), na linavuta ampea 13. Kanthal A-1 ya milimita 1 ina omu 1.85 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 9.5 zinatosha kufikisha omu hizo. Multimita inaridhika. Lakini mita 9.5 za waya mwembamba zina eneo la nje la sentimita za mraba 300 tu, na wati 3000 zote zinapaswa kutokea hapo: wati 10 kwa kila sentimita ya mraba. Waya hauwezi kuusukuma moto huo nje kwa kasi hiyo ndani ya chumba ambacho chenyewe kina nyuzi 1000. Unakuwa moto kuliko chumba kwa mamia ya nyuzi, unavuka nyuzi 1400 ambazo ndizo mwisho wa waya huu, na unakatika pale ulipo mwembamba zaidi.

Sasa chukua waya wa milimita 1.6. Una omu 0.72 kwa mita, kwa hiyo omu zilezile 17.6 zinadai mita 24.4. Eneo lake ni sentimita za mraba 1,225 hivi, na mzigo unashuka hadi wati 2.4 kwa sentimita ya mraba. Omu ni zilezile, kilowati ni zilezile, ila waya unapumua. Kwa tanuri linalokaa juu ya nyuzi 1000 saa nyingi kila siku tungependa hata milimita 1.8, yaani mita 31 na wati 1.7, mradi mifereji ya matofali iwe na nafasi.

Kusuka: tumia chuma cha duara cha milimita 6 kwenye drili ya kasi ndogo au mashine ya kukereza, duru zikigusana. Mita 24.4 zitatoa duru 1,020 hivi, na koili iliyobana ya mita 1.6. Pima jumla ya urefu wa mifereji; tuseme ni mita 3.6. Basi vuta koili hadi ifike urefu huo, ambao ni mara 2.2 ya ilivyokuwa. Ivutwe sawasawa. Pale ambapo duru zimebaki zimebanana patakuwa pekundu kuliko kwingine, na hapo ndipo patakapokatika. Njia rahisi ya kukagua ni kuinamisha macho usawa wa koili kabla ya kuiweka: nafasi kati ya duru zionekane kama meno ya kitana kimoja.

Miguu ya koili, ile inayopita ukutani kwenda kwenye tamino, isiwe waya mmoja. Kunja waya urudi, usokote pamoja uwe mara mbili au tatu, ili sehemu hiyo ibaki baridi. Mguu mmoja mwembamba unapita katikati ya ukuta usio na hewa, unajipika wenyewe. Tamino ziwe za chuma kisichoshika kutu au shaba nyeupe, nje ya ukuta, na waya wa kuungia uwe wenye ganda la silikoni au nyuzi za kioo. Waya wa kawaida wa PVC huyeyuka ganda.

Mnataja pia kwamba fundi alijaribu kuunga koili iliyokatika kwa kuzisokota ncha mbili. Hilo halidumu. Baina ya ncha zinaota oksidi, mguso unakuwa mbaya, mahali hapo panachemka kuliko koili nzima. Tena Kanthal iliyokwisha kufanya kazi juu ya nyuzi 950 hivi chembe zake hukua, na ikipoa inakuwa kama tambi kavu: unaigusa kwa koleo, inalia "tik" na kipande kinabaki mkononi. Ikiwa ni lazima kuisogeza, ipashe kwa bana (kichomeo) ya gesi hadi iwe nyekundu iliyofifia, uikunje ikiwa bado ya moto, umeme ukiwa umefungiwa. Na ile rangi ya kijivu juu ya waya si uchafu. Ni oksidi ya alumini inayoulinda. Msiipige msasa.

Koili mpya ipewe nafasi ya kutengeneza ngozi hiyo ya oksidi kabla ya sampuli yoyote: tanuri tupu, tundu la moshi wazi, pandisha taratibu hadi nyuzi 1050, kaa hapo saa 7 hadi 10.

Kuna adui wa pili ambaye Chunya na Geita mnamjua. Mnayeyusha sampuli kwa oksidi ya risasi, magadi na boraksi, kisha mnatenga risasi kwenye vikombe vya majivu ya mifupa. Mvuke wa risasi unakula koili na matofali pamoja. Chungu kikipasuka, boraksi iliyoyeyuka inatoboa sakafu kama maji ya moto kwenye sukari guru. Wekeni juu ya sakafu bamba la kauri linaloweza kutolewa na kubadilishwa. Mvuto wa moshi uwe unafanya kazi kila mlango unapofunguliwa. Na ikiwezekana kutenga risasi kufanyike kwenye tanuri lake pekee.

Hilo linagusa pia afya ya anayetengeneza. Vumbi lote la ndani ya tanuri hilo lihesabiwe kuwa ni madini ya risasi. Barakoa ya P3 (ya kuchuja vumbi laini), glavu, kitambaa chenye maji badala ya ufagio, hakuna kula wala kuvuta sigara hapo, na ovaroli isiende kufuliwa nyumbani pamoja na nguo za watoto.

SWALI: Tunachoma sampuli za unga na lishe ya mifugo kwenye nyuzi 550. Siku hizi kontrola (kidhibiti joto) inaonyesha 550 lakini ndani mnang'aa rangi ya chungwa na majivu yanaganda kama kioo. Kontrola tumebadilisha, hali ni ileile. (Mtaalamu wa maabara, Morogoro)

JIBU: Macho yako yamesema kweli kuliko kontrola. Kwenye nyuzi 550 chumba cha tanuri hakina mwanga wa maana. Ukizima taa za maabara unaona wekundu mweusi wa mbali. Wekundu wa cheri ni nyuzi 750 hadi 800. Chungwa ni 900 na kitu. Acheni kulitumia leo hii.

Kwa kuwa kontrola mpya inadanganya kama ya zamani, mshukiwa ni themokapo, yaani kihisio cha joto, au namna ilivyounganishwa. Angalia kwa mpangilio huu.

Kwanza ncha yake. Inatakiwa kujitokeza ndani ya chumba sentimita 3 hivi. Mtu akiivuta nyuma wakati wa usafi, ncha inajificha ndani ya ukuta, inasoma joto la tofali, nayo kontrola inaendelea kusukuma moto. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote na halihitaji kununua kitu.

Pili, shanga za kauri zinazotenganisha waya mbili za themokapo. Zikivunjika waya zikagusana njiani, kontrola inasoma joto la pale zilipogusana, si la ncha. Zikigusana nyuma kabisa, kwenye boksi, inasoma joto la chumba cha maabara na kuwasha moto bila kikomo.

Tatu, waya wa kuunganishia. Themokapo ya aina K haiungwi kwa waya wa shaba wa kawaida. Ukiunga hivyo, na tamino nyuma ya tanuri ina nyuzi 60 wakati kontrola ina nyuzi 30, unapoteza nyuzi 30 kwenye kipimo. Tumia waya wa aina K wenyewe. Rangi huchanganya watu: wa Ulaya ni kijani chanya na nyeupe hasi, wa Marekani ni njano chanya na nyekundu hasi. Ndiyo, nyekundu ni hasi, na wengi wamekosea hapo. Kama rangi zimeungua, tumia sumaku. Waya hasi wa aina K hunaswa na sumaku, chanya haunaswi. Ukizigeuza, kipimo kinashuka kadiri moto unavyopanda.

Nne, mpangilio wa kontrola mpya. Kama tanuri lina themokapo ya platini ya aina S na kontrola imekuja imewekwa K, kwenye nyuzi 1000 za kweli itaonyesha kama 250. Soma lebo ya themokapo, usikisie.

Kuipima si kazi kubwa. Itoe, iunge kwenye multimita yenye kipimo cha joto cha aina K, tumbukiza ncha kwenye maji yanayochemka. Morogoro mjini tarajia karibu nyuzi 98. Aliye Mbeya au Nairobi asishtuke kuona 94, ni mwinuko huo. Jaribio hili linaonyesha kama themokapo iko hai na haikugeuzwa, lakini halithibitishi usomaji wa 550. Kwa hilo ingiza themokapo nyingine mpya kupitia tundu la moshi, ncha zikae pamoja, mlinganishe tanuri likiwa limetulia dakika 30. Aina K inayofanya kazi karibu na nyuzi 1000 kila siku hupotoka taratibu. Ni bora kuibadilisha kila mwaka kuliko kuingoja ife.

Zote zikiwa nzima, geukia SSR, ile rilei isiyo na mguso. Inapokufa mara nyingi hufa ikiwa imejifunga, yaani inapitisha umeme kontrola itake isitake. Dalili: taa ya kontrola inayoonyesha kuwa inaagiza moto imezima, lakini mita ya kubana (inayokumbatia waya na kusoma ampea) kwenye waya wa koili bado inasoma ampea zake zote. Kwa ampea 13 weka SSR ya ampea 40, si 25, juu ya bati la kupoozea lenye mapezi, na grisi ya kupitisha joto katikati. Inatoa joto la wati 15 hivi muda wote. Ikikalishwa juu ya bati la kasha tu itarudi kufa. Na ikiwa imezimwa bado huvujisha umeme kidogo, kwa hiyo kamwe usiihesabu kama swichi ya kukulinda.

Hayo yote yangekuwa usumbufu tu kama tanuri lingekuwa na mlinzi wa pili: kidhibiti cha ukomo chenye themokapo yake, kinachokata kontakta (swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku), kinachobaki kimekata hadi mtu akibonyeze. Kiweke nyuzi 50 juu ya joto la juu mnalotumia. Mara moja kwa mwezi, tanuri likiwa kwenye nyuzi 400, kishushe hadi 300: lazima usikie "tak!" ya kontakta ikiachia. Usiposikia, hakuna mlinzi.

Nanyi mnaochoma unga, choma kwanza kwenye jiko la maabara ndani ya kabati la moshi hadi moshi uishe, ndipo sampuli iingie tanurini. Masizi yanayoganda kwenye koili hupitisha umeme na kuvuruga ile ngozi ya oksidi ya waya.

SWALI: Tanuri letu la skuli lilikaa miaka bila kutumiwa. Kila tukiliwasha breka ya kuvuja inaanguka. Fundi mmoja kasema tukate waya wa ethi, na kweli ukikatwa linawaka. Tuliache hivyo? (Mwalimu wa kemia, Pemba)

JIBU: Hapana, mwalimu. Urudisheni waya huo leo, kabla mwanafunzi hajashika mlango. Umeme uliokuwa ukienda ardhini sasa umekaa kwenye bati la tanuri unamngoja wa kuugusa, na sakafu ya saruji yenye unyevu itamalizia kazi.

Matofali mepesi hunywa unyevu wa hewa kama sifongo, na hewa ya kisiwani ina unyevu mwingi. Breka inaona uvujaji wa kweli. Tanuri likiwa limechomolewa, pima kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya koili na bati. Mkipata chini ya megaomu 1, likausheni kwa joto la nje: taa ya wati 60 hadi 100 ndani ya chumba, mlango ukiachwa wazi kidogo, siku mbili au tatu, kisha mpime tena. Likivuka megaomu 1 lipandisheni nyuzi 110 kwa saa 4, halafu 200 kwa saa 2, ndipo mwendelee. Kama breka inaanguka likiwa baridi na kavu, mguu wa koili umegusa bati, tafuteni alama nyeusi. Kama inaanguka likishavuka nyuzi 900 tu, tofali limechafuliwa na chumvi au masizi na limeanza kupitisha umeme.

Swali lenu la pili, kuhusu kamba nyeupe iliyochakaa mlangoni: tanuri la umri huo huenda lina asbesto. Msiivute, msiikwangue, msiipulize. Lifungeni kwenye nailoni nene na kulitolea taarifa kwa wahusika wa usalama kazini. Na hata matanuri mapya yenye pamba ya kauri si ya kuchezea. Pamba iliyokaa juu ya nyuzi 1000 hugeuka kwa sehemu kuwa silika inayoumiza mapafu. Kabla ya kuibandua inyunyizie maji, vaa P3, weka vipande kwenye mfuko uliofungwa. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo.

SWALI: Naweza kuziba ufa wa tofali kwa saruji? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Saruji ya kujengea hupoteza maji yaliyoshikwa ndani yake kati ya nyuzi 400 na 500, ikishapoa na kunyonya unyevu tena inageuka unga. Tumia udongo wa kuungia matofali ya moto, wa daraja la tanuri lako. Lowesha ufa, jaza, acha siku nzima, kisha nyuzi 100 kwa saa 3 na kupanda taratibu. Nyufa nyembamba kama unywele ziache. Tofali linahitaji pa kutanukia.

SWALI: Plagi ya tanuri letu la kilowati 3 inapata moto hadi plastiki inabadilika rangi. Tumebadilisha plagi mara tatu. (Fundi sanifu, Kisumu)

JIBU: Plagi ya pini tatu za bapa na fyuzi yake ya ampea 13 haikutengenezwa kubeba ampea 12 au 13 kwa saa nane mfululizo. Ya nne nayo itaungua. Liondoeni kwenye soketi kabisa. Lipewe laini yake kutoka kwenye bodi: breka ya ampea 20, waya wa milimita za mraba 4, na aisoleta ya nguzo mbili karibu na tanuri lakini si nyuma yake, ili mtu asilazimike kupitisha mkono juu ya moto akitaka kuzima. Kaza skrubu zote, zikaze tena baada ya wiki moja ya kazi. Karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, tafadhali, hapana.

Hapohapo kagua swichi ya mlango. Mlango ukifunguka sentimita chache koili ikose umeme, kwa sababu koleo la chuma likigusa koili yenye umeme, mkono ulioshika koleo ndio unaopokea.

SWALI: Asubuhi tanuri linafika nyuzi 900 kwa saa moja, jioni linachukua karibu mbili. Koili imechoka? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Pima volti jioni hiyo, tanuri likiwa linafanya kazi. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu inabaki asilimia 76 tu, kwa sababu hupungua kwa mraba: kilowati 3 zinakuwa 2.3 hivi. Joto linalopotea kupitia kuta halipungui, ndiyo maana nyuzi 100 za mwisho zinachelewa kuliko zote. Kama volti ziko sawa na bado linasuasua, bana mita kwenye waya: tanuri lenye koili mbili zilizoungwa sambamba likipoteza moja huendelea kuwaka kimya, kwa nusu ya ampea zake.